Tamimu Saisi na Watoto wa Ghubari

Wametuhadithia waliotutangulia, na ajuaye yaliyofichika ni Mola peke yake, ya kwamba katika mji wa Zuhuria, mji wenye malango saba na bustani zisizo idadi, alitawala sultani mmoja jina lake Haidari bin Kahtani, mtu karimu, mwenye ndevu nzuri na moyo mweupe, na kasoro yake ilikuwa moja tu: alipenda farasi kupita kiasi. Akiamka asubuhi, kabla hajauliza hali ya raia wala hali ya binti yake, huuliza hali ya farasi. Nasi tusimlaumu, maana kila mtu ana kinachomtoa kitandani.

Na katika mji huo palikuwa na ada ya tangu na tangu. Kila Ijumaa baada ya sala mpiga mbiu alisimama barazani na kusoma nasaba za farasi wa Sultani, fulani bin fulani bin fulani, mpaka babu wa kumi na mbili, na watu wakisikiliza kwa adabu na kutikisa vichwa. Lakini majina ya farasi majike hayakutajwa kabisa. Jike kwao alikuwa tumbo la kubebea tu, akishazaa basi, na lau ungemuuliza bwana yeyote wa Zuhuria, "Huyu farasi wako mama yake nani?" angekutazama juu mpaka chini, ajiulize umetoka nchi gani. Ndiyo akili yao ilivyokuwa, na bado walijiita mabingwa.

Sasa majike hao walikuwa na mtunzaji wao, kijana aitwaye Tamimu bin Sururu. Alikuwa saisi, yaani mtunza farasi, na baba yake, aliyekuwa akishona matandiko, alikufa Tamimu akiwa bado ananyonya, na akalelewa na mama yake, Bi Mwanasha, mkunga wa farasi. Hakuzaliwa farasi Zuhuria kwa muda wa miaka thelathini ila mikono ya Bi Mwanasha ilimpokea, na vidole vyake vilikuwa vimepinda na mgongo umeinama kwa kazi hiyo, lakini ulimi wake ulikuwa haujapinda hata kidogo. Yeye na mwanawe waliwajua majike wote kwa majina: nani mwepesi, nani mvivu, nani ana pumzi ya kupanda kilima, nani huuma.

Na katika mazizi ya Sultani palikuwa na madume wawili wa mbegu. Wa kwanza aliitwa Fakhari, mweusi tititi, mwenye nyota nyeupe kwenye paji, na hakushindwa hata mara moja katika mashindano yake yote. Alitolewa zawadi kwa Sultani na Waziri Burhani, na Waziri alimsifu asubuhi na jioni, kwa kuwa kumsifu Fakhari ilikuwa kujisifu mwenyewe. Wa pili aliitwa Ghubari, wa rangi ya kijivu, mwenye masikio makubwa kidogo na mgongo mrefu. Alikimbia mara moja tu katika ujana wake, akawa wa nne, akajikwaa asikimbie tena. Fakhari akaletewa majike bora wa dola nzima, na Ghubari akaachiwa mabaki: majike wazee, majike vilema, na wale wasio na kwao. Isipokuwa misimu miwili, Fakhari alipoumwa homa, ndipo majike wa kifalme walipopelekwa kwa Ghubari shingo upande, na watoto wao wakauzwa mapema kwa aibu, wakaenda kuvuta maji na kuzungusha vinu vya mafuta.

Ikawa mwaka mmoja farasi wa Zuhuria walishindwa vibaya katika mashindano ya Bonde la Rihani, ambako masultani wote wa upande ule hukutana. Ulikuwa mwaka wa tatu mfululizo kushindwa. Sultani Haidari akarudi mjini hali hataki kula, akaketi barazani na kusema, "Nipeni shauri. Farasi wangu wamepatwa na nini?"

Waziri Burhani akainuka, na begani kwake alikuwapo kasuku wake aliyehifadhi nasaba zote, akasema, "Maulana, Mungu akudumishie enzi. Damu ya Fakhari imechanganyika na takataka. Amuru kuanzia leo abaki dume mmoja tu, na huyo Ghubari ahasiwe, atiwe kwenye gari la maji, mbegu yake ikatike katika nchi. Na kama Maulana ana shaka, kasuku huyu atamhesabia fahari za Fakhari."

Kasuku akanyoosha shingo na kuanza, "Fakhari kamzaa Saifu, Saifu kashinda Rihani. Fakhari kamzaa Barki, Barki kashinda Kilimani. Fakhari kamzaa Shihabu, Shihabu kashinda mara nne," na akaendelea hivyo mpaka baraza lote likawa linasinzia kwa kuridhika.

Na Tamimu alikuwa amesimama mlangoni akiwa amemshika Ghubari kwa hatamu, kwa kuwa ameagizwa amlete atazamwe kwa mara ya mwisho. Aliposikia neno la kuhasiwa akazikaza hatamu. Huyu dume alimlisha kwa mkono wake, na alimjua kuliko watu wale wote walivyomjua. Akapiga moyo konde, akasogea mbele na kuinama.

"Maulana, Mungu akuzidishie umri," akasema. "Mimi ni mtu wa kuzoa mavi ya farasi na ulimi wangu haujazoea baraza, lakini naomba ruhusa nimuulize kasuku neno moja."

Sultani, ambaye alikuwa hajacheka siku tatu, akatabasamu. "Muulize."

Tamimu akamgeukia ndege. "Ewe kasuku, umetaja walioshinda. Je, Fakhari amezaa wangapi wasioshinda kitu?"

Kasuku akafungua mdomo, akaufunga, akasema, "Sikufundishwa hayo," kisha akaanza kuchokora manyoya yake.

Watu wakacheka, na Waziri uso ukamwiva. Tamimu akasema, "Maulana, Fakhari ni mkimbiaji ambaye sijamwona mfano wake, na wallahi simtii dosari. Lakini kukimbia ni jambo moja na kuzaa wanaokimbia ni jambo lingine. Yeye amepewa majike ambao hata wangezaa na punda, mtoto angekimbia. Mimi nawatazama watoto nikiwalinganisha na mama zao. Watoto wa Fakhari wengi hawafiki walipofika mama zao. Watoto wa Ghubari, mama zao ni vilema na vikongwe, nao huwapita mama zao kila mara. Basi aliye na mbegu njema ni yupi?"

Waziri akasema kwa sauti baridi, "Saisi anatufundisha farasi. Maulana, maneno hayana kodi. Kama ana hakika, na aweke shingo yake."

Sultani akashika ndevu, maana hakupenda kumwaga damu, lakini neno lilikuwa limekwisha semwa mbele ya wakuu. Akasema, "Tamimu, nakupa siku arubaini. Ukinithibitishia kwa macho yangu kwamba Ghubari ndiye mbegu bora, nitakupa mazizi yangu yote. Usipothibitisha, Ghubari atahasiwa na wewe utapoteza kichwa chako. Bado una nafasi ya kurudi nyuma."

Tamimu akamtazama Ghubari, na Ghubari alikuwa akila pindo la zulia la Sultani. "Nimekubali, Maulana," akasema.

Aliporudi nyumbani na kumsimulia mama yake, Bi Mwanasha alikaa chini palepale. "Mwanangu, ulikosa pa kuweka shingo? Nimekuzaa kwa taabu siku mbili nzima, tena bila mkunga, kwa sababu mkunga ni mimi mwenyewe, nawe unaiweka dhamana kama kitambaa." Akalia kidogo, kisha akapangusa macho. "Lakini umesema kweli. Tatizo ni kuionyesha kweli yenyewe. Wako wapi hao watoto wa Ghubari? Wametapakaa dunia nzima, na hakuna anayejua mama zao isipokuwa mimi na wewe, na ushahidi wa mkunga na saisi haukubaliwi mbele ya Waziri."

Kesho yake asubuhi Tamimu alikuwa zizini na fikira zimemlemea, na jike mmoja mzee aitwaye Lulua alikuwa akichechemea. Akainua mguu wake, akachokora ukwato kwa kijiti, na tazama, ikaanguka pete ya shaba yenye maandishi, imejaa matope. Akaifuta kwa shati lake. Mara zizi likajaa ukungu wenye harufu ya ubani, na katikati ya ukungu akasimama jinni mrefu mpaka kichwa kikagusa paa, macho yake mekundu na kilemba chake cha kijani.

"Labeka, ewe mwenye pete," akasema jinni. "Mimi ni Dahdahani bin Zaubaa, nimefungwa humu miaka mia tisa, na miezi hii mitano ya mwisho nimekanyagwa na jike huyu kila siku aliyoileta Mungu. Nina ada ya kukutumikia mara tatu. Sema haraka, kisha uniondoe karibu na miguu yake."

Tamimu akaishika pete kwa nguvu, akasema, "Niambie, kati ya Fakhari na Ghubari nani atazaa watoto bora?"

Dahdahani akainamisha kichwa. "Kilichomo matumboni ni ghaibu, hakijui jinni wala mwanadamu. Hilo silihesabu, kwa kuwa siliwezi. Na ukitaka rai yangu binafsi, yule mweusi ni mzuri sana."

"Nawe pia," akasema Tamimu kwa huzuni, "umetazama nyota ya kwenye paji." Kisha uso wake ukakunjuka. "Basi sitaki ghaibu. Nataka kilicho wazi ila kimetawanyika. Niletee kila mtoto wa Fakhari na kila mtoto wa Ghubari aliye hai, popote alipo, walioshinda na walioshindwa, wanaopandwa na wafalme na wanaovuta mikokoteni, uwapange katika uwanja wa Sultani asubuhi hii."

"Hilo ni jepesi," akasema jinni.

Lo! Siku ile watu wa Zuhuria waliona maajabu. Kabla jua halijapanda vizuri, anga lilijaa mlio wa kwato, na farasi wakashuka uwanjani mmoja mmoja, wengine wakiwa na matandiko ya hariri, wengine na kongwa za mikokoteni shingoni, mmoja akiwa bado amefungwa kinu cha mafuta, na mwenye kinu ameng'ang'ania kamba akishuka naye huku akitaja majina ya mawalii wote anaowajua. Walifika zaidi ya mia mbili. Sultani akatoka mbio na kiatu kimoja, na nyuma yake akatoka binti yake, Mwana Zumaridi, ambaye alikuwa na umri wa miaka ishirini na hajapata kuona jambo la kupendeza kama lile.

Waziri Burhani akawapita farasi wote akiwatazama, na rangi ikambadilika, maana kasuku wake hakuwahi kusema kwamba wako watoto wa Fakhari wengi namna ile wanaovuta maji. Lakini akajikaza na kusema, "Maulana, huu ni uchawi wa kutuchezea macho. Nani atatuambia mama wa kila mmoja? Mama yake saisi?"

Tamimu akaigusa pete na kusema kwa sauti ya chini, "Dahdahani, hili la pili. Kila farasi aseme kwa ulimi wake jina la mama yake na baba yake, kwa ukweli, kisha anyamaze kama alivyoumbwa."

Na farasi wakasema. Wa kwanza, farasi mwekundu aliyekonda mbavu, akainua kichwa na kusema kwa Kiswahili safi, "Mimi ni mwana wa Lulua kwa Ghubari, na aliyenipokea kutoka tumboni ni Bi Mwanasha." Wa pili akasema, "Mimi ni mwana wa Lulua kwa Fakhari, na aliyenipokea ni Bi Mwanasha." Wa tatu akasema, "Mama yangu ni Nargisi, baba yangu Fakhari, aliyenipokea ni Bi Mwanasha, na bwana wangu huchanganya shayiri yangu na mchanga." Bwana wake akajificha nyuma ya watu. Na wakaendelea hivyo mia mbili na kitu, na kila mmoja, baada ya kumtaja mama yake, hakusahau kumtaja mkunga. Na Bi Mwanasha, aliyekuja na kikapu chake akitaka kwenda sokoni, akasimama katikati ya uwanja hajui atazame wapi, na machozi yanamtoka.

Mwana Zumaridi akamwendea baba yake. "Baba," akasema, "miaka yote hii tumesomewa nusu ya kitabu."

Sultani akaamuru makarani waandike kila jina. Na yalipoandikwa yote, wakapata majike ishirini na mmoja, wengine wa kifalme na wengine wa mabaki waliowahi kupelekwa kwa Fakhari ujanani mwao, ambao kila mmoja alikuwa na mtoto kwa Fakhari na mtoto kwa Ghubari. Tamimu akasema, "Maulana, hawa ndio mizani yetu. Mama mmoja, baba wawili. Lakini hawa wa Ghubari wamekonda kwa kazi, na haitakuwa haki wakimbie leo. Naomba wote, wa huyu na wa yule, wale shayiri moja katika hori moja, na wafundishwe na watu walewale, mpaka siku ya arubaini."

"Na wapanda farasi wabadilishane," akasema Mwana Zumaridi. "Aliyempanda mwana wa Fakhari mbio hizi, ampande mwana wa Ghubari mbio zifuatazo. Mtu asije akasema mpandaji ndiye aliyeshinda."

Tamimu akamtazama, na kwa muda akasahau kabisa habari ya shingo yake. Na binti Sultani akaona anavyotazamwa, akaufunika uso kwa ushungi, ila si wote.

Basi siku hizo zote Mwana Zumaridi alikuja zizini kila alasiri pamoja na yaya wake, kwa kisingizio cha kuona kwamba shayiri inagawiwa kwa haki, na akajifunza majina ya majike, na kumsikiliza Bi Mwanasha akisimulia nani alizaa kwa shida na nani alizaa akitembea. Bi Mwanasha akamwambia mwanawe, "Yule mtoto wa watu hajaja kutazama shayiri." Tamimu akamwambia, "Mama, mimi ni maiti inayosubiri tarehe. Usinitie tamaa." Lakini tamaa ilikuwa imekwisha kumwingia, na hiyo ikafanya siku zipite mbio zaidi.

Siku ya arubaini ikafika. Mji mzima ukatoka nje ya malango, wauza kahawa na wauza halua wakapanga vitu vyao kandokando ya njia, na Sultani akaketi chini ya hema, Waziri kuliani kwake na mkata vichwa nyuma ya hema, akiwa amekaa kwenye kigoda na kula halua, kwa kuwa naye ni mtu.

Wakatolewa watoto wawili wa Nargisi. Wakakimbia, na mtoto wa Fakhari akashinda kwa urefu wa mwili mzima. Watu wa Waziri wakashangilia. Wakatolewa watoto wa Yakuti, na mtoto wa Fakhari akashinda tena. Wakatolewa watoto wa Shamsia, na mtoto wa Fakhari akashinda mara ya tatu. Mkata vichwa akafuta vidole. Mwana Zumaridi alikuwa amekamata ukingo wa hema na uso umempauka, na Tamimu akahisi baridi shingoni, palepale panapokatwa.

Ndipo Dahdahani akamnong'oneza sikioni bila kuonekana. "Bwana wangu, shingo yako nimeizoea. Umebakiza agizo moja. Niruhusu nipulize kidogo nyuma ya watoto wa Ghubari, upepo mdogo tu, na hakuna jicho la mwanadamu litakaloona."

Tamimu akatamani, nasi tusiseme hakutamani. Akasema, "Ukipuliza nitaokoka mimi leo. Kisha Maulana atampandisha Ghubari kwa majike wote kwa sababu ya upepo wako, na kama mimi nimekosea, watoto watakaozaliwa miaka ishirini ijayo nani atawapulizia? Naamini Ghubari ni bora, lakini kuamini kwangu si ushahidi. Nami nataka kujua, kama anavyotaka Sultani. Kaa kando."

"Hata kama kujua huko kutakugharimu kichwa?" akauliza jinni.

"Kaa kando, Dahdahani."

Wakatolewa watoto wa Lulua. Yule mwekundu, aliyekuja akiwa mbavu tupu, akaondoka polepole, na nduguye akamtangulia mpaka nusu ya njia. Kisha yule mwekundu akanyoosha mwili, akala ardhi kwa hatua ndefu, akampita na kumwacha, na hakuonekana kuchoka. Wakatolewa wa Zubeda, akashinda wa Ghubari. Wa Kamaria, akashinda wa Ghubari. Wa Anbari, akashinda wa Fakhari, na Tamimu akafumba macho. Kisha wa Ghubari akashinda, na tena, na tena, mpaka wauza halua wakaacha vyombo vyao na mji mzima ukawa unaita majina ya majike, majina ambayo siku arubaini nyuma hakuna aliyeyajua. Na zilipokwisha mbio zote, watoto wa Fakhari walikuwa wameshinda mara sita, na watoto wa Ghubari mara kumi na tano, mara nne kati ya hizo kwa watoto wa majike vilema na vikongwe.

Sultani Haidari akasimama, na furaha ilimjaa mpaka akamkumbatia Waziri kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Kisha akamwita Tamimu. "Umenifundisha kusoma farasi wangu uzeeni," akasema. "Mazizi ni yako tangu leo. Na Fakhari tumfanye nini?"

"Maulana, umpe malisho mazuri na kivuli," akajibu Tamimu. "Alikimbia kwa ajili yako wala hakushindwa. Kosa halikuwa lake. Sisi ndio tuliomtwika kazi nyingine kwa sababu ya uzuri wa ile ya kwanza. Na huyo Ghubari naye nisimsifu kupita kiasi. Amekosa mara sita."

Waziri Burhani akasikia haya, na aibu ikamwingia, kwa maana alitazamia kudhihakiwa na hakudhihakiwa. Akaenda kwa Tamimu mbele ya watu, akamwomba radhi kwa ajili ya shingo yake. Na mkata vichwa akarudi nyumbani na halua ya watoto.

Jioni ile Tamimu akamwita Dahdahani. "Limebaki agizo moja," akasema. "Mama yangu, mgongo wake na vidole vyake."

"Hayo tu?" akauliza jinni. "Hutaki kasri? Hutaki kupaa?"

"Sitaki kupaa."

Jinni akapita mbele ya Bi Mwanasha, aliyekuwa akichambua mchele, na bibi akanyooka, kifundo kwa kifundo, akatazama mikono yake iliyonyooka kama ya binti, na kwa mshangao akamwaga mchele wote. Kisha akamkaripia jinni kwa kumshtua. Dahdahani akafunguka kutoka kwenye pete, akaagana nao kwa heshima, akapita mbali na Lulua, akaenda zake.

Ikapita miaka minne, maana mtoto wa farasi hazaliwi leo akakimbia kesho. Ghubari akapandishwa kwa majike wa kifalme na wa raia pia, na Mwana Zumaridi akawa anakuja zizini kila msimu wa kuzaa, sasa bila kisingizio cha shayiri. Na mwaka wa nne watoto wa Ghubari wakaenda Bonde la Rihani mbele ya masultani wote, wakawa wa kwanza, wa pili na wa tatu, na wa nne akawa mwana wa Fakhari, na Sultani Haidari akacheza ngoma hadharani, jambo lisilowahi kuonekana kwa mfalme wa Zuhuria.

Waliporudi, binti Sultani akapiga magoti mbele ya baba yake na kusema, "Baba, umekataa wachumba kumi na moja kwa sababu hukuwa na hakika nao. Huyu Tamimu umemtazama miaka minne katika kazi, katika hatari, na katika ushindi. Kama bado huna hakika, sijui utaipata wapi."

Sultani akacheka mpaka akatoa machozi. "Nilikuwa nangoja umtaje," akasema. "Nilianza kuogopa kwamba mtazeeka zizini."

Ikafanywa harusi ya siku saba mchana kutwa, na watu wakala na kusaza. Kadhi akaketi, na mpiga mbiu akasimama, kama ada ilivyo, kusoma nasaba ya bibi arusi, nayo ilikuwa ndefu, masultani tisa kwa mpigo. Kisha akaanza ya bwana arusi: "Tamimu bin Sururu bin," akasita. Akatazama karatasi. Baba wa huyo Sururu hakuna aliyemjua. Wageni kutoka miji mingine wakaanza kutazamana, na Tamimu akainamisha kichwa, na Waziri Burhani akakohoa ili kufunika ule ukimya.

Sultani Haidari akainua mkono wake. "Mbona umesimama?" akamwambia mpiga mbiu. "Endelea kwa mama yake."

Na kabla mpiga mbiu hajafungua kinywa, umati wote, wauza kahawa na wapanda farasi na wenye mikokoteni, ukajibu kwa sauti moja, "Mwana wa Bi Mwanasha." Naye, upande wa wanawake, nyuma ya pazia, akaketi wima kwa mgongo wake mpya, akajifunika uso kwa leso, na hakuna ajuaye kama alikuwa akilia au akicheka, ila mabega yalitikisika muda mrefu.

Basi wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, siku ukitaka kujua thamani ya dume, usitazame nyota ya kwenye paji wala usimsikilize kasuku wa mwenye mali. Tafuta watoto wake wote, hata wale wanaovuta maji, na uulize mama zao walikuwa nani. Na nilivyopokea nimefikisha, aliyezidisha si mimi.